Al-Jahiz na Dalili Isiyo na Ulimi

Katika wanavyuoni wa kale wanaostahiki kujulikana na watu wa pwani yetu ni Abu Uthman Amr bin Bahr, maarufu kwa jina la Al-Jahiz, yaani mwenye macho yaliyotokeza. Alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraki, karibu na mwaka 776. Imepokewa kuwa babu yake alikuwa mtu mweusi, mwendesha ngamia, na kuwa yeye mwenyewe katika ujana wake aliuza mikate na samaki kando ya mfereji wa mji huo. Ufukara haukumzuilia elimu. Lugha aliipata kwa Al-Asmai na wenziwe, na ilimu ya itikadi kwa An-Nadhdham. Husimuliwa kuwa akikodi maduka ya wauza vitabu, akakesha humo akisoma.

Alitunga vitabu vingi. Kimoja alieleza fadhila za watu weusi, na humo akawataja Wazanji wa pwani hii. Kilicho mashuhuri zaidi ni Kitabu cha Wanyama, chenye juzuu 7. Humo hakudharau kiumbe: aliandika juu ya mbwa na njiwa, chungu na nzi. Khabari za wanyama aliziuliza kwa wawindaji na mabaharia, na hata maneno ya Aristotle hakuyapokea yote.

Yeye alifundisha kuwa maana hubainika kwa njia 5: tamko, ishara, hesabu ya vidole, maandishi, na ya tano ni hali ya kitu chenyewe. Kitu kisicho na ulimi humshuhudia aliyekifanya, mbele ya mwenye kutazama na kufikiri. Na bawa la mbu, kwake yeye, halikuwa dalili ndogo kuliko mlima.

Mfano wa hayo tunao Kenya. Huko El Wak, katika Mandera, karibu na mpaka wa Somalia, viko visima vya kale vilivyochimbwa katika mwamba. Wenyeji husimulia kuwa ni kazi ya Wamadanle, watu waliowatangulia. Hapana aliye hai aliyewaona watu hao, lakini hapana mchungaji anayenywesha hapo akasema kuwa upepo na mvua ndivyo vilivyochimba. Na jina la mahali hapo maana yake ni Kisima cha Waaq. Nalo Waaq ndilo jina la Mungu walilolitumia watu wa huko kabla ya Uislamu.

Basi na amtazame pia ngamia anayekunywa, kama Qurani ilivyotuamrisha. Aweza kupoteza robo ya uzito wake kwa kiu asife, kisha akanywa lita 100 kwa dakika chache, na damu yake isidhurike.

Kijana aliyesoma aweza kutwambia: kisima twakijua kuwa kimechimbwa kwa kuwa tumeona watu wakichimba, ama ngamia huzaliwa na ngamia, na wataalamu hueleza jinsi viumbe walivyobadilika katika miaka mingi. Hilo ni swali la haki, wala halijibiwi kwa makemeo. Twajibu kuwa kuijua njia ambayo kazi imepitia si kumkanusha mwenye kazi. Anayeeleza sururu na kamba hajamwondoa mchimbaji. Al-Jahiz mwenyewe aliandika jinsi wanyama wanavyowindana, na jinsi nchi inavyogeuza rangi za wakaao humo, wala hakuona kuwa hayo yanamtoa katika imani.

Yeye alikuwa Muutazila, na katika madhehebu hayo sisi hatumfuati. Lakini kutazama kwake twakuhitaji. Uzeeni alipooza nusu ya mwili, asiache kuandika, hata akafariki Basra mwaka 255 wa Hijra, yaani 868 au 869, naye amepita miaka 90.

Enyi walimu wa vyuoni na wazazi, msimfukuze mtoto aulizaye, wala msimzuilie ilimu ya viumbe kwa kuhofia imani yake. Asiyeruhusiwa kutazama kazi, atamjuaje aliyeifanya? Mwenyezi Mungu atufungue macho na nyoyo. Amin.