Albert Ruskin Cook

Sir Albert Ruskin Cook (Hampstead, London, 22 Machi 1870 – Kampala, 23 Aprili 1951) alikuwa daktari mmisionari Mwingereza aliyeanzisha Hospitali ya Mengo nchini Uganda. Anakumbukwa pia kwa kuandika mapema habari za ugonjwa unaoitwa leo kidonda cha Buruli.

Maisha

Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge na Hospitali ya St Bartholomew's, London. Alifika Uganda mwaka 1897 akitumwa na shirika la kimisionari la Kanisa la Anglikana, na mwaka huohuo alianzisha hospitali huko Mengo. Mwaka 1900 alimwoa muuguzi Katharine Timpson, aliyeshirikiana naye kufundisha wakunga. Mwaka 1901 yeye na kaka yake, Jack Cook, walitambua wagonjwa wa malale katika hospitali hiyo.

Kidonda cha Buruli

Cook alikuwa na desturi ya kuandika kwa makini habari za wagonjwa wake. Katika maandishi ya mwaka 1897 alieleza vidonda vikubwa vya ngozi vinavyolingana na ugonjwa huo. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1948, Peter MacCallum na wenzake walipoeleza wagonjwa wa Australia. Ni bakteria Mycobacterium ulcerans, wa jenasi moja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Sumu yake huua ngozi na kupunguza maumivu, hivyo wengi huchelewa kutafuta tiba. Jina linatokana na eneo la Buruli, Uganda, ambako wagonjwa wengi walichunguzwa katika miaka ya 1960.

Matibabu

Wakati Cook anaandika, antibiotiki hazikuwepo. Hata baadaye, kwa miaka mingi tiba kuu ilikuwa upasuaji wa kuondoa nyama iliyooza. Jaribio la dawa ya klofazimini lililofanyika Uganda na kutangazwa mwaka 1973 halikuonyesha faida. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza rifampisini pamoja na sindano za streptomaisini kwa wiki 8. Kwa kuwa streptomaisini inaweza kudhuru usikivu, baadaye nafasi yake ilichukuliwa na vidonge vya klarithromaisini. Mgonjwa anayeanza dawa mapema anaweza kupona bila upasuaji mkubwa wala ulemavu.

Heshima

Cook alipewa cheo cha Sir mwaka 1932. Hospitali ya Mengo inaendelea kuhudumia wagonjwa hadi leo.