Padri Gregor Mendel na Njegere Zake

Mtu asafiriye kutoka Gitega kwenda Muyinga huona mahindi na maharagwe yamepandwa pamoja katika shamba moja, chini ya jua moja. Lakini majani yao hayatengenezi chakula kwa njia moja. Mahindi, kama mtama na miwa, huikusanya hewa ya kaboni kwa namna ya pekee, hata yakastahimili jua kali bila kupoteza maji mengi. Maharagwe hayana namna hiyo. Tofauti hii hurithiwa, na aliyetuonyesha kwanza jinsi mimea inavyorithi ni mtawa aliyeshindwa mtihani mara mbili.

Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho siku hizi kimo katika nchi ya Ucheki, akabatizwa Johann. Baba yake alikuwa mkulima wa hali ya chini. Fedha za masomo zilipokwisha, dada yake mdogo, Theresia, alimpa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake. Maana kwao wakati huo mali ilitoka upande wa binti, si kama kwetu. Sijui ni wangapi kati yetu wangethubutu kuipokea.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waagostino mjini Brünn, ndipo akaitwa Gregor, na mwaka 1847 akapewa upadri. Kuwatembelea wagonjwa kulimwuguza yeye mwenyewe, basi akatumwa kufundisha. Mwaka 1850 alifanya mtihani wa ualimu akaanguka. Wakubwa wake hawakumtupa, bali walimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna. Mwaka 1856 akajaribu tena, asifaulu, akabaki mwalimu msaidizi.

Mwaka huohuo alianza kazi ya njegere katika bustani ya monasteri. Alilifungua ua kabla halijakomaa, akaondoa sehemu zake za kiume, kisha akalipaka unga wa ua la mmea mwingine. Alipochanganya njegere za mviringo na zile zenye makunyanzi, watoto wote wakawa wa mviringo. Akawapanda hao, akahesabu wajukuu: 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, yaani karibu tatu kwa moja. Makunyanzi hayakufa, yalijificha tu. Tena aliona kwamba kila alama husafiri peke yake: umbo la punje haliifuati rangi yake. Kwa miaka minane alipanda mimea kama 28,000, wala hakuchoka kuhesabu.

Mwaka 1865 aliwasomea wataalamu wa Brünn habari hizo, zikachapwa mwaka 1866, lakini wachache mno walizijali. Mwaka 1868 akawa abati, na ugomvi na serikali juu ya kodi ukamla miaka yake ya mwisho. Alifariki mwaka 1884. Wataalamu watatu waliigundua upya kazi yake mwaka 1900.

Katika miaka ya 1960 na 1970, huko California, wataalamu walichanganya mimea miwili ya jamii ya Atriplex, mmoja wenye njia ya mahindi na mwingine wenye njia ya maharagwe. Wajukuu walirithi vipande vipande: huyu muundo wa jani, yule kimeng'enya. Hakuna hata mmoja aliyepata vyote vikafanya kazi pamoja, kwa sababu kila alama ilisafiri peke yake, kama zile za njegere za Brünn.