Mwalimu Fabre na nondo asiyekula

Msikilizaji, huenda umeuona ule mtego wa viwavijeshi unaotundikwa shambani. Hauna taa wala betri. Ndani kuna kipande kidogo chenye harufu ya nondo jike iliyotengenezwa maabara, na asubuhi unakuta madume wamenasa. Leo tunamzungumzia mtu aliyehangaika na siri hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mfaransa Jean-Henri Fabre.

Alizaliwa mwaka 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa, kwa wazazi maskini. Ujanani aliuza malimau gulioni na kufanya kibarua cha reli, kabla ya kupata nafasi ya kusomea ualimu mjini Avignon. Alifundisha miaka mingi kwa mshahara mdogo. Kilichomponza ni madarasa ya jioni: aliwaeleza wasichana jinsi maua yanavyochavushwa, wakubwa wakachukia, akapoteza kazi na hata nyumba aliyopanga. Aliokolewa na mkopo wa rafiki yake Mwingereza, mwanafalsafa John Stuart Mill. Akaishi kwa kuandika vitabu vya shule, na mwaka 1879, akiwa na miaka 55, akanunua kiwanja cha mawe na miiba huko Sérignan. Wengine wangekiita pori. Yeye alikipenda hivyohivyo, kwa sababu ya wadudu.

Ni hapo ambapo asubuhi moja ya Mei 6, nondo jike wa aina kubwa kuliko zote za Ulaya alitoka kwenye kifukofuko chake. Fabre akamfunika kwa tundu la wavu wa waya, basi. Usiku, kama saa tatu, mwanawe mdogo Paul akaanza kupiga kelele kwamba chumba kimejaa nondo wakubwa kama ndege. Wakaingia na mshumaa, wakakuta madume wanazunguka tundu. Nyumba nzima walikuwa kama 40. Katika usiku nane walifika 150, ilhali aina hiyo ilikuwa adimu pale.

Nondo huyu akishatoka kwenye kifukofuko hali kitu, kwani kinywa chake hakifanyi kazi. Anaishi siku chache kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea akiwa kiwavi. Nguvu ya kuita namna ile anaitoa wapi?

Fabre akajaribu. Alipomfungia jike kwenye sanduku lililozibwa kabisa, hakuna dume aliyekuja. Alipoacha mwanya, wakaja. Akaweka naftalini chumbani, ile dawa ya kabatini yenye harufu kali, ili kuifunika harufu ya jike. Wakaja vilevile, na hilo likamchanganya. Hakuona jinsi mwili mdogo vile ungeweza kutia harufu hewa ya eneo zima. Enzi zile mawasiliano yasiyo na waya ndiyo yalikuwa yanaanza, naye akajiuliza kama nondo ametutangulia sisi watu wa redio. Sanduku lile lilimjibu hapana, lakini shaka haikumwisha.

Kwa maoni yetu, alipokwama ni pale alipopiga hesabu ya mtumaji tu. Mtambo wetu wa kurushia matangazo unakula umeme saa zote, msikilizaji awepo asiwepo. Jike anaachia chembe chache, na upepo unazibeba bure. Kazi kubwa iko kwa mpokeaji. Vipapasio vya dume vimechanua kama unyoya na vina vinyweleo maelfu vya kunasa harufu ya jike wa aina yake. Naftalini haikuwazuia, kwa sababu vinyweleo vile ni kama redio iliyowekwa kwenye stesheni moja. Gharama ya safari analipa dume, naye pia hali kitu. Akishahangaika usiku mbili tatu, amekwisha.

Fabre alifariki mwaka 1915 akiwa na miaka 91, bila kuijua kemikali yenyewe. Mwaka 1959 Mjerumani Adolf Butenandt alitangaza kwamba ameipata harufu ya nondo wa hariri. Alitumia majike nusu milioni, akaambulia miligramu chache. Baadaye watafiti wakaona kwamba molekuli moja tu ya harufu hiyo inatosha kuamsha seli ya neva kwenye kipapasio cha dume. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kutengeneza harufu za wadudu wengine, ikiwemo ile iliyomo kwenye mtego wa viwavijeshi.