Sheikh Muhammad Abduh na Al-Azhar

Sheikh Muhammad Abduh, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Misri mwaka 1849 katika nyumba ya wakulima. Alipokwisha kuhifadhi Kurani alipelekwa Tanta kutafuta ilimu. Huko alisomeshwa sharhe ya Ajrumiyya mwaka mmoja na nusu asifahamu kitu, kwani walimu walitaja istilahi za nahau bila ya kuzieleza. Akakata tamaa, akatoroka. Aliyemrudisha ni Sheikh Darwish, mjomba wa babake, aliyemsomesha kidogo kidogo na kumfahamisha kila neno.

Mwaka 1866 aliingia Al-Azhar, msikiti uliofunguliwa Cairo mwaka 972, akasoma kisha akasomesha. Baada ya vita vya Urabi vya mwaka 1882 alihamishwa nchi. Aliporejea, mwaka 1895 akaingia katika baraza la kuiendesha Al-Azhar. Hakuyasahau ya Tanta. Alipigania mishahara ya walimu iwekewe kanuni, mitihani ipangwe, maktaba itengenezwe, wanafunzi wapate daktari, na hesabu na jografia zisomeshwe.

Masheikh wengi walimpinga, na Khedive Abbas akawa upande wao. Machi 1905 alijiuzulu. Julai 11 akafariki Iskandaria. Lakini mlango aliougonga ulifunguka: mwaka 1961 sheria iliongeza Al-Azhar mafunzo ya utabibu, uhandisi na kilimo.

Basi wazee na walimu wazingatie: mtoto akimbiaye chuo si lazima awe mvivu. Huenda amehifadhishwa, hakufahamishwa.