Kapteni Elton: Mpelelezi aliyehesabu watumwa barabara ya Kilwa

JUNI 5, 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Uingereza uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Katika karatasi, biashara iliyoitajirisha Kilwa Kivinje ilikuwa imefika mwisho. Aliyethibitisha kuwa haikufa ni Kapteni James Frederic Elton.

Elton alizaliwa mwaka 1840. Alikuwa askari India na China, akapigana Mexico upande wa Wafaransa, kisha akazunguka kusini mwa Afrika. Mwaka 1873 alifika Zanzibar kuwa msaidizi wa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza.

Mwishoni mwa mwaka huo alitumwa kwenda kwa nchi kavu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa, kuchunguza watumwa waliomilikiwa na Wahindi, raia wa himaya ya Uingereza, na kuwapa uhuru. Njiani alikutana na jambo zito zaidi. Misafara yenye ulinzi wa bunduki ilikuwa ikielekea kaskazini, ikiwaswaga watu waliotekwa pande za Ziwa Nyasa. Bahari ilipofungwa, wafanyabiashara walihamia barabarani.

Hapo ndipo mipaka ya sheria ilipojidhihirisha. Mtumwa wa Mhindi aliweza kuachiwa huru siku hiyohiyo. Aliyepita mbele ya Elton akiwa katika minyororo ya mfanyabiashara mwingine hakuguswa, kwani mkataba haukukataza kusafirisha watumwa kwa nchi kavu. Elton hakuwa na amri ya kuwazuia. Alichoweza ni kuhesabu. Katika mwezi mmoja, kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, aliandika watumwa 4,096.

Idadi hiyo ilifikishwa London, na hoja kwamba mkataba umetosha ikakosa miguu. Mwaka 1876, kwa shinikizo la Kirk, Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu pia.

Wakati huo Elton alikuwa balozi mdogo Msumbiji. Mwaka 1877 alisafiri hadi Ziwa Nyasa, walikokuwa wakitoka watumwa wengi wa Kilwa, lakini hakuiona tena pwani. Alifariki dunia Desemba 19, 1877, huko Usekhe, Ugogo, akiwa na umri wa miaka 37.

Alitumikia himaya iliyokuwa na maslahi yake. Hata hivyo, watu 4,096 ambao majina yao hayakuandikwa popote, walau walihesabiwa.