Sondre Norheim: Fundi maskini aliyepunguza urefu wa skii, dunia ikamfuata

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

KATIKA vilima vya Karagwe na Kyerwa, mvua za masika zinapolainisha majani ya miteremko, mtoto hahitaji kufundishwa namna ya kuchagua chombo cha kutelezea. Hupita shambani, huliacha shina zito la mgomba lililolowa maji, huchukua ganda moja jepesi linalomtosha kukalia, kisha hushuka nalo hadi bondeni akilipinda huku na huko kukwepa visiki.

Asichokijua mtoto huyo ni kwamba yapo maisha ya mtu mzima, tena mashuhuri, yaliyojengwa juu ya uamuzi kama wake. Mtu huyo hakuteleza juu ya majani bali juu ya theluji, na alipochagua chombo kifupi na chepesi, desturi ya nchi yake ilikuwa imezoea virefu na vizito.

Aliitwa Sondre Norheim. Alizaliwa Juni 10, 1825 huko Morgedal, bonde dogo la mkoa wa Telemark, kusini mwa Norway, na alikulia katika nyumba ndogo ya mbao mahali paitwapo Øverbø. Jina la Norheim, ambalo ndilo lililobaki katika vitabu, ni la kitongoji alichoishi baadaye na mkewe Rannei, waliyefunga ndoa mwaka 1854.

Norheim hakuwa mwenye ardhi. Alikuwa wa tabaka la watu waliopewa kibanda na kipande cha shamba na mwenye mali, nao wakalipa kwa nguvu za mikono yao. Riziki yake aliiongezea kwa useremala. Simulizi za kwao zinamchora kama mtu mchangamfu, mwenye watoto wengi na akiba kidogo, ambaye theluji ilipoanguka alikuwa mwepesi zaidi wa kupanda mlimani kuliko kushika kazi.

Huenda msomaji wa Kayanga au Nkwenda akauliza skii ni kitu gani hasa. Ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopinda kuelekea juu kwenye ncha ya mbele, ambazo mtu huzifunga miguuni ili asizame katika theluji na aweze kuteleza. Kwa watu wa kaskazini ya dunia, chombo hicho kilikuwepo maelfu ya miaka kabla ya kuwa mchezo. Kilikuwa ni usafiri tu, kama mtumbwi ulivyo kwa watu wa ziwani.

Kwa kuwa ilikuwa usafiri, skii nyingi zilitengenezwa ziende moja kwa moja. Zilikuwa ndefu, baadhi zikifikia mita 3, na mahali pengine mguu mmoja ulivaa skii ndefu ya kutelezea na mwingine fupi ya kujisukumia. Kilichozishika mguuni kilikuwa ni ukanda mmoja tu kwenye vidole, kisigino kikiwa huru kabisa. Aliyeshuka mlima alishika gongo refu, akaliegemea nyuma kama breki. Ilikuwa ni kushuka kwa kuomba Mungu.

Norheim alibadili mambo matatu, na yote matatu yalitoka mikononi mwa seremala.

Kwanza alipunguza urefu. Skii zake hazikuwa fupi kwa vipimo vya leo, lakini zilikuwa fupi kuliko za wenzake, na kwa hiyo nyepesi zaidi kuzungusha. Pili, alizichonga kiuno. Mbao ilikuwa pana mbele na nyuma, ikapungua katikati pale mguu unaposimama. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo kiini cha mchezo wote wa leo. Skii yenye kiuno ikilazwa ubavu na kubebeshwa uzito wa mtu hujipinda kama upinde, na ule mpindo wenyewe ndio unaompeleka mtu kwenye kona bila yeye kupambana nayo.

Tatu, alisokota fito changa za miti ya kwao kama ugwe, akazizungushia kisigino. Kifungo hicho kiliishika skii isichomoke mguuni hata mtu akiruka hewani, lakini kwa kuwa fito zilikuwa na unyumbufu, kisigino kiliweza kuinuka. Wapo wanaodai kuwa si yeye peke yake aliyewaza mambo hayo, na yawezekana kabisa, kwani Telemark ilikuwa na mafundi wengi. Lakini hakuna aliyeyaunganisha yote mwilini mwake na kuyaonyesha mbele ya watu kama yeye.

Baada ya hapo mlima ukawa uwanja wa kuchezea. Inasimuliwa kwamba aliruka kutoka juu ya mapaa ya nyumba, akapita katikati ya miti na kuruka mawe. Mtindo wa kugeuka kwa kutanguliza mguu mmoja, goti likiwa limekunjwa na kisigino cha nyuma kimeinuka, ulipewa jina la mkoa wake wa Telemark na unaitwa hivyo hadi leo. Neno slalomu nalo, linalotumika katika mashindano ya dunia, limetoka katika lugha ya watu wa huko, likiwa na maana ya njia itelezayo mteremkoni.

Miaka hiyo, Karagwe ilikuwa chini ya Mfalme Rumanyika. Wazungu John Hanning Speke na James Grant walifika kwake Novemba 1861, na ni kutoka katika vilima vya Karagwe Speke alikoiona kwa mbali milima ya Mfumbiro. Wakati sifa za ukarimu wa Rumanyika zikisafiri hadi London kupitia vitabu vyao, Norheim, aliyekuwa Mzungu vilevile, hakuwa akijulikana hata katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Ni vyema kulikumbuka hilo tunaposoma historia ya karne ile, kwani si kila aliyezaliwa Ulaya alizaliwa na dunia mkononi.

Umaarufu ulimfikia mwaka 1868. Februari mwaka huo yalifanyika mashindano ya skii katika mji wa Christiania, ambao sasa ni Oslo. Norheim alikuwa na umri wa miaka 42, umri ambao wanamichezo wengi huwa wameshatundika viatu. Hakuwa na nauli ya kutosha wala hakuihitaji. Yeye na wenzake kutoka Telemark walivuka milima kwa skii, safari inayokadiriwa kuwa karibu kilometa 200, na wakafika tayari kushindana.

Watu wa mjini walikuwa hawajaona kitu cha namna ile. Mtu mzima wa shamba aliruka, akatua kwa miguu yake, akageuka na kusimama palepale bila kuegemea gongo. Alishinda, na vijana wa mji wakaanza kuulizia skii za Telemark. Ndugu wawili kutoka Morgedal, Mikkjel na Torjus Hemmestveit, walifungua shule ya skii katika mji huo mwaka 1881 na kueneza ufundi wa kijijini kwao.

Urithi huo wa wepesi haukuishia hapo. Olav Bjaaland, naye mzaliwa wa Morgedal na seremala, alikuwa katika kundi la Roald Amundsen lililofika Ncha ya Kusini ya dunia Desemba 14, 1911, likiwa la kwanza katika historia. Katika giza la majira ya baridi kabla ya safari hiyo, kazi ya Bjaaland ilikuwa kuyapiga randa magari ya kuburutwa na mbwa hadi uzito wake ukapungua kwa zaidi ya nusu.

Leo kijana wa Kitanzania anayekwenda kusoma Oslo, Stockholm au Toronto atakuta madukani safu za skii zinazotisha kwa wingi wake. Kenya imeshawahi kupeleka wanamichezo katika michezo hiyo ya theluji. Philip Boit, mkimbiaji aliyeanza kujifunza skii mwaka 1996, alishindana Nagano, Japani, mwaka 1998, na Sabrina Simader alishindana Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018. Si ajabu, basi, kijana wetu naye akitaka kujaribu.

Anayeanza, au aliyekwisha kujua kidogo, hushawishika kununua skii ndefu na ngumu za mabingwa. Hapo ndipo Norheim anaporudi dukani. Zipo skii za kuchezea, fupi kiasi, laini, zilizopinda ncha zote mbili ili mtu aweze kushuka hata kinyumenyume. Aina hiyo ilishika soko kuanzia mwaka 1998, kampuni ya Salomon ilipotoa skii iliyoitwa Teneighty kwa ushauri wa vijana wa Kanada waliochoshwa na sheria za mchezo wa zamani.

Kwa anayejifunza, skii inayofika kati ya kidevu na paji la uso anapoisimamisha wima kando yake kwa kawaida humtosha. Ile yenye moyo wa mbao nyepesi huzungushwa bila kuchosha mguu, na ile iliyo laini husamehe makosa, kwani hujipinda hata kwa mtu asiye na nguvu wala mwendo mkali. Wepesi una gharama yake: kwenye barafu ngumu na kasi kubwa skii hiyo hutetemeka na kuyumba, na mwenye kupenda mbio ataichoka mapema. Lakini ni wachache wanaoanza na mbio. Fedha inayobaki ni afadhali itumike kwenye kiatu kinachokaa vyema mguuni, na vifungo virekebishwe na fundi kulingana na uzito wa mtu, ili viachie anapoanguka kabla mfupa haujavunjika.

Norheim mwenyewe hakutajirika kwa lolote kati ya hayo. Hakuwa na hataza wala kiwanda. Mafundi walinakili kiuno cha skii zake, naye akabaki na kibanda cha kupanga na watoto wa kulisha. Mwaka 1884, akikaribia umri wa miaka 59, alifanya kama walivyofanya Wanorway wengi wa enzi hizo: alipanda meli pamoja na mkewe na baadhi ya watoto wao, wakaenda Marekani.

Walianzia Minnesota, kisha wakahamia eneo ambalo sasa ni jimbo la North Dakota, karibu na Villard. Kule kulikuwa na ardhi. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mlowezi kujitwalia ekari 160, na mtu ambaye maisha yake yote alilima shamba la mwingine hangeweza kuudharau mwaliko huo. Waliofukuzwa katika ardhi hiyo, wenyeji wa asili wa Marekani, ni habari nyingine ambayo simulizi za walowezi mara nyingi huiruka.

Theluji ilikuwepo tele North Dakota, na baridi ya kuvunja mifupa. Kilichokosekana ni mlima. Nchi ile ni tambarare, upeo wa macho ukiwa mstari mmoja ulionyooka. Mtu aliyeifundisha dunia kugeuka katika mteremko alimalizia miaka yake mahali pasipo na mteremko wa kugeukia. Inasimuliwa kuwa aliendelea kuziweka skii zake karibu na mlango. Alizidi kushika dini uzeeni na alishiriki kuanzisha kanisa la Kilutheri la walowezi wenzake.

Alifariki dunia Machi 9, 1897, akiwa na umri wa miaka 71, na alizikwa katika makaburi ya kanisa hilo, karibu na Denbigh.

Mwaka 1952 Oslo ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, Wanorway hawakuuchukua moto wake Ugiriki. Februari 13 waliuwasha katika jiko la nyumba ile ndogo ya Øverbø, na wateleza skii 94 wakapokezana mwenge hadi mji mkuu. Moto wa michezo ya mwaka 1960 huko Squaw Valley, Marekani, nao uliwashwa Morgedal.

Katika miaka yote hiyo, kaburi la Norheim huko North Dakota halikuwa na hata jiwe la kulitambulisha. Liliwekwa mwaka 1966.