Franco: Mpiga gitaa wa baa aliyekuja kumiliki ukumbi

KATIKA jiji la Leopoldville la miaka ya 1950, mwanamuziki wa Kiafrika alikuwa na sauti na vidole vyake tu. Ukumbi ulikuwa wa mwenye baa, na mara nyingi hata ala alizopiga zilikuwa mali ya mtu mwingine.

Francois Luambo Makiadi, aliyevuma kote Afrika kwa jina Franco, alianza kama wengine. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1989, alikuwa ameacha bendi, lebo za rekodi na klabu yake mwenyewe.

Alizaliwa Julai 6, 1938, Sona Bata, magharibi mwa Kongo, akalelewa Leopoldville, jiji lililobadilishwa jina na kuwa Kinshasa mwaka 1966. Babake, mfanyakazi wa reli, alifariki Franco akiwa bado mtoto. Mamake aliuza mandazi sokoni, naye mvulana huyo akipuliza harmonika kando ya meza ili kuwavuta wateja. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa mkebe na nyaya. Kufikia umri wa miaka 15 alikuwa tayari akirekodi katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na mfanyabiashara Mgiriki.

Wakoloni wa Kibelgiji walikuwa wameligawanya jiji hilo. Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana usiku katika mitaa ya Wazungu bila kibali. Starehe zake zilikuwa katika mtaa wake, kwenye baa za uani zenye sakafu ya saruji ya kusakatia densi. Bendi ilikuwa chambo: kadiri watu walivyocheza ndivyo walivyoagiza bia, na faida ikamwendea mwenye baa.

Mojawapo ya baa hizo ilikuwa O.K. Bar ya Oscar Kashama. Mnamo Juni 1956 Franco, Jean Serge Essous, Vicky Longomba na wenzao waliunda bendi waliyoiita OK Jazz, kutokana na jina la baa hiyo. Vicky ndiye babu wa ndugu wa kundi la Longombas, lililotamba Nairobi miaka ya 2000.

Essous hakukaa sana. Naye Vicky alipoondoka kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Franco alibaki kiongozi pekee wa bendi iliyokuja kuitwa TP OK Jazz.

Katikati ya mwongo huo alifungua Un-Deux-Trois, yaani Moja-Mbili-Tatu, klabu yake mtaani Matonge, kitovu cha starehe za usiku Kinshasa. Bendi ilipata makao ambayo hakuna mwenye baa angeifukuza. Aidha, serikali ya Rais Mobutu Sese Seko ilipotwaa biashara za wageni, Franco alikabidhiwa kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri cha Mazadis.

Lakini mwenye ukumbi naye alikuwa na mwenye nchi juu yake. Mwaka 1978 Franco alifungwa jela kwa nyimbo zilizodaiwa kukiuka maadili, japo aliachiliwa kabla ya kumaliza kifungo.

Ndani ya bendi, yeye ndiye aliyekuwa mwajiri. Wanamuziki walikuja na kuondoka. Mpiga saksafoni Verckys Kiamuangana alijitoa mwishoni mwa miaka ya 1960, akaunda bendi na kampuni yake ya rekodi.

Nyimbo za Franco zilivuma pia katika redio na baa za Kenya, ingawa wengi waliozicheza hawakujua Kilingala. Mario, wa mwaka 1985, ulisimulia kisa cha kijana anayelishwa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri. Mwaka 1987 alitoa wimbo wa kutahadharisha umma dhidi ya Ukimwi, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuutaja ugonjwa huo.

Alifariki Oktoba 12, 1989, nchini Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo, naye akazikwa Kinshasa.

Mzozo wa umiliki haukuzikwa naye. Wanamuziki na familia yake walitofautiana kuhusu mgawo wa mapato, na mwaka 1993 TP OK Jazz ikasambaratika. Lutumba Simaro na wenzake waliondoka wakaunda bendi nyingine. Klabu na jina kamili la bendi havikuwa vyao, kwa hivyo walijiita Bana OK, yaani watoto wa OK, wakibeba zile herufi mbili zilizotoka kwenye baa ya Kashama.